Je, Gari la Nyuma Litalifikia la Mbele?

Na Mtu wa Njia



Nimeomba nafasi katika gazeti letu hili ili nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Palikuwa na mkutano wa mambo ya mishahara, na waajiri wa kazi mbalimbali walikuwako. Mimi sikuwa mjumbe. Nilikaa nje pamoja na wenzangu tukingoja habari, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Basi tajiri mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala kazi yake, aliwaambia wajumbe wetu maneno haya au karibu na haya: "Haraka ya nini? Nchi maskini zinakwenda mbio kuliko nchi tajiri. Hilo ni jambo la sayansi, wataalamu wamelithibitisha. Nchi yetu itawafikia Wazungu, na siku ikifika nanyi mtakuwa mmefika pamoja nayo. Sasa tulieni, msije mkawafukuza wenye mali."

Wajumbe wetu walinyamaza. Nami huko nje nilinyamaza, maana elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Mwaka 2003 Serikali ilipofuta ada za shule za msingi nilikuwa darasa la sita, nikamaliza la nane, na karo ya sekondari haikupatikana. Mtu akisema "sayansi" mbele yangu mimi huvua kofia kwanza. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijiuliza: je, ni kweli? Nikamwendea mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya uchumi chuoni. Akacheka, akaniambia, "Mjomba, hiyo habari ni kweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowahusu ninyi." Siku tatu tulikaa na daftari na kalamu. Haya nitakayosema nimeyapata kwake na katika vitabu alivyonisomea, lakini hukumu ni yangu mwenyewe.

Kwanza niieleze hoja ya yule tajiri kwa haki, kwa sababu si hoja ya kijinga. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja jina lake Robert Solow aliandika jinsi uchumi unavyokua, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1987. Nitalisema wazo lake kwa mfano wa kazi yetu. Genge la watu ishirini lina jeki moja tu ya kuinulia reli. Ukiwanunulia jeki ya pili, kazi itaongezeka sana. Lakini genge la watu ishirini lenye jeki ishirini, ukilinunulia ya ishirini na moja, hiyo italala stoo. Basi shilingi moja ya mitambo huzaa zaidi pale palipo na mitambo michache. Kwa hiyo fedha za matajiri zitatoka kwao, zije kwetu kutafuta faida kubwa, nasi tutakua upesi mpaka tulingane nao.

Tena yuko mwingine, Alexander Gerschenkron, mzaliwa wa Odessa aliyefundisha Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 alionyesha kwamba aliyechelewa ana bahati yake, kwa kuwa hana haja ya kuvumbua. Huchukua kilichokwisha kuvumbuliwa na wengine. Hili tumeliona kwa macho. Hatukupitisha nyaya za simu katika kila nyumba ya kijijini kama walivyofanya Waingereza. Tuliruka tukaingia moja kwa moja katika simu za mkononi, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mama kijijini hupokea fedha bila kuliona dirisha la benki.

Hoja ni nzuri. Sasa tutazame njia yenyewe, maana sisi watu wa njia hatuamini ramani mpaka tumetembea kwa miguu.

Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, William Baumol, alichukua nchi 16 akaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja zile zilizokuwa nyuma zilizidi kuzikaribia za mbele. Watu wakafurahi. Mwaka 1988 mwenzake, Bradford De Long, akamwuliza swali rahisi: hizo nchi 16 ulizichagua vipi? Kumbe zote ni nchi ambazo leo ni tajiri! Hiyo ni sawa na kusimama stesheni ya Nairobi na kuhesabu abiria wanaoshuka, halafu kusema kwamba kila aliyepanda Mombasa alifika Nairobi. Hukuwauliza walioshushwa Voi.

Walipohesabiwa wote, hesabu ikageuka. Lant Pritchett alionyesha mwaka 1997 kwamba tangu 1870 mpaka 1990 tofauti kati ya nchi tajiri kabisa na nchi maskini kabisa haikupungua. Iliongezeka karibu mara tano. Miaka 120 ya meli, reli, umeme na redio, na gari la nyuma likazidi kuachwa. Na fedha za matajiri je, hazikuja? Mwaka 1990 Robert Lucas, mtaalamu mwingine mkubwa, aliuliza swali hilo hilo: kama fedha huzaa zaidi kwa maskini, mbona haziendi huko? Majibu ni mengi, lakini mtu wa karakana anayajua. Jeki peke yake haiinui reli. Yatakiwa mtu anayejua kuitumia, na vipuri ikivunjika, na barabara ya kuifikishia, na mahakama isiyonunuliwa pale mwenye jeki atakapodhulumiwa.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Tangu miaka ya 2000 mambo yalibadilika kidogo. Ukizihesabu nchi zote, maskini kwa wastani zilianza kukua upesi kuliko tajiri, na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwamo. Yule tajiri huenda alisoma jambo hilo mahali. Wachina ndio mfano mkubwa kuliko wote. Mwaka 1978, walipoanza kubadilisha uchumi wao, pato la Mchina mmoja kwa hesabu ya dola lilikuwa chini ya nusu ya pato la Mkenya mmoja. Nilimwambia mpwa wangu arudie kuisoma hesabu hiyo mara mbili. Leo Mchina amepita dola 12,000 kwa mwaka, na Mkenya yuko kwenye dola 2,000 hivi. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa, na mkopo mkubwa ulitoka kwa benki yao, na wahandisi ni wao, na injini ni zao. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba maskini hawezi kufika. Aweza. Lakini si kwa sababu ya sayansi ya kukaa na kungoja.

Sasa hesabu, ndugu zangu, na naomba mvumilie kwa sababu hapa ndipo tunapodanganywa. Mtu akikuambia, "Sisi tumekua 5 kwa mia na Marekani imekua 2 kwa mia, basi tunaifikia," chukua kalamu. Pato la Mmarekani mmoja limepita dola 80,000 kwa mwaka. Letu tumesema ni 2,000. Tano kwa mia ya 2,000 ni dola 100. Mbili kwa mia ya 80,000 ni dola 1,600. Mwaka ukiisha, mimi nimeongeza 100 na mwenzangu ameongeza 1,600. Tofauti yetu ilikuwa 78,000, sasa ni 79,500. Nimekimbia kumshinda na bado ameniacha zaidi! Si uongo kwamba kwa kipimo cha mara ngapi nimemkaribia, lakini mtoto hanunuliwi viatu kwa kipimo cha mara ngapi.

Tena ile 5 kwa mia ni ya nchi nzima, na watu wanaongezeka. Sensa ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6 katika Kenya; ile ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Ukitoa ongezeko la watu, kila mmoja amebaki na kama 3 kwa mia. Tuseme Marekani kila mmoja hupata 1 na nusu kwa mia. Kwa mwendo huo, mpwa wangu alihesabu, tutawafikia baada ya miaka kama 250. Reli yetu ya zamani ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu siku hiyo mpaka leo haijatimia hata miaka 130. Kama kila mtu angeongezewa 7 kwa mia kila mwaka bila kukosa, ingekuwa miaka 70. Kwa hiyo tofauti ya mwendo ndiyo kila kitu, na mwendo lazima udumu.

Kudumu huko ndiko kulikotushinda. Ninyi madereva mwajua kwamba gari la mizigo likisimama katikati ya mlima, kuliondosha tena ni taabu, na pengine hurudi nyuma. Kati ya 1964 na 1973 uchumi wetu ulikua kwa zaidi ya 6 kwa mia kila mwaka, mwendo ambao nchi nyingi zingeuonea wivu. Halafu ikaja bei ya mafuta ya 1973, na mwaka 1977 ushirika wa Afrika Mashariki ukavunjika, na reli yetu moja ikakatwa ikawa vipande vitatu, kisha mikopo, kisha wizi wa mali ya umma. Mwaka 1992 uchumi wote ulirudi nyuma chini ya sifuri, na kwa miaka mingi ya kipindi hicho pato la kila mtu lilipungua. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini najua kwamba baba aliacha kunywa chai ya maziwa. Wanaochunguza historia za uchumi wameona kwamba nchi maskini zinapokwenda, huenda upesi kama nyingine. Shida yao ni kwamba hurudi nyuma mara nyingi mno.

Kuna jambo jingine ambalo msomi atawaambia, na ni la kweli, kwamba dola 2,000 hapa hununua vitu vingi kuliko dola 2,000 kule New York. Kunyolewa nywele kwetu ni bei ndogo. Sukuma wiki vile vile. Ukipima kwa bei za vitu, pato letu ni karibu mara tatu ya lile la kwanza, na Mmarekani hatuzidi mara 40 bali mara 13 hivi. Nakubali. Lakini nataka niulize: injini ya dizeli je? Dawa ya sukari? Mafuta yenyewe? Hivyo havina bei ya kinyozi. Nchi inaponunua injini, hulipa kwa zile dola za hesabu ya kwanza, wala muuzaji hakuulizi kwenu kunyoa ni shilingi ngapi.

Na hapa ndipo nimefika kwenye jambo langu hasa, kwa kuwa ni la reli.

Wajapani walifungua reli yao ya kwanza mwaka 1872, kutoka Shimbashi katika Tokyo mpaka Yokohama. Mkuu wa wahandisi alikuwa Mwingereza, Edmund Morel, naye akafa kabla haijafunguliwa. Injini zilitoka Uingereza. Yaani walianza kama sisi tulivyoanza, kwa kununua kila kitu pamoja na watu wa kukiendesha. Wahindi walikuwa wamewatangulia. Reli ya Bombay mpaka Thane ilifunguliwa 1853. Na yetu ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga na karibu 2,500 kati yao walikufa, nalo ni jambo ambalo sisi tunaokaza misumari katika njia ile twapaswa kulikumbuka.

Kama reli peke yake ingefikisha watu, India ingekuwa mbele ya Japani kwa miaka 19. Haikuwa hivyo. Wajapani hawakuridhika kupanda gari. Mwaka 1893, miaka 21 tu baada ya gari la kwanza, karakana ya Kobe iliunda injini yao ya kwanza, bado wakisaidiwa na fundi Mwingereza. Baadaye wakaziunda wenyewe. India ilikuwa chini ya Waingereza, na Mwingereza alitaka kuuza injini zake, kwa hiyo kiwanda kikubwa cha injini cha Chittaranjan hakikuanza mpaka 1950, nchi ikiwa imejitawala. Halafu mwaka 1964, tarehe 1 Oktoba, Wajapani wakafungua ile reli ya mwendo wa kilometa 210 kwa saa kutoka Tokyo mpaka Osaka. Na msifikiri kwamba walikuwa na fedha zote. Walikopa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia mwaka 1961. Walikopa kama tunavyokopa sisi! Lakini gari lenyewe waliliunda wao. (Sitaki kuwasifu kupita kiasi. Kutoka 1910 mpaka 1945 waliitawala Korea kwa mkono wa chuma, na Wakorea hawajasahau.)

Sasa sisi. Katika miaka ya 1955 na 1956 reli ya Afrika Mashariki ilipokea injini 34 za daraja la 59, zile zilizopewa majina ya milima, injini kubwa za mvuke kuliko zote za njia ya meta moja. Ziliundwa na Beyer, Peacock, Manchester. Wazee husimulia habari zake mpaka leo kana kwamba walikuwa ndugu zao. Baada yake zikaja za dizeli, kutoka Uingereza, kutoka Kanada, kutoka Marekani. Na 2017, kutoka China. Mara ya kwanza tulinunua kwa sababu tulitawaliwa. Mara hizi nyingine tumenunua tukiwa huru. Kila mara tumepewa gari jipya na kila mara tumejifunza kuliendesha na kulitengeneza, na mafundi wetu ni hodari, mimi nimewaona wakifufua mtambo ambao kitabu chake kilisema utupwe. Lakini kila mara tumeishia hapo. Ndio maana nasema kwamba yule tajiri alikosea aliposema tutawafikia kwa kuwa tuko nyuma. Kuwa nyuma si injini.

Najua mtu atauliza, nchi ya watu milioni 50 itaunda injini zake zote? Pengine hapana. Sisemi tuunde kila kitu. Nasema nchi inayokopa mabilioni kununua gari, na isiandike katika mkataba kwamba vijana wake wangapi watafundishwa kuunda kitu gani, itakopa tena baada ya miaka 50.

Narudi kwa mishahara, kwa kuwa ndilo neno lililotupeleka kwenye mkutano. Tajiri alisema tutulie ili wenye mali wasikimbie, na mtu kama yeye hupenda kutaja Korea Kusini. Basi na tuitaje. Mwaka 1960 pato la Mkorea mmoja halikufika dola 200. Leo limepita 30,000. Ni ajabu kweli. Na ni kweli vile vile kwamba utawala wa Park Chung-hee, kutoka 1961 mpaka 1979, ulivibana vyama vya wafanya kazi, na mishahara ilikuwa midogo. Kwa hiyo wao husema: mnaona? Waliotulia wakafika.

Hawakutulia, ndugu zangu. Tarehe 13 Novemba 1970, katika soko la nguo la Seoul, kijana mmoja mkata nguo, umri wake miaka 22, jina lake Jeon Tae-il, alijichoma moto mpaka akafa. Hakudai mapinduzi. Alidai sheria ya kazi ifuatwe, sheria ambayo ilikuwa imeandikwa tangu 1953, kwa sababu wasichana wadogo walikuwa wakishona katika vyumba visivyo na hewa saa 14 kwa siku. Na mwaka 1987, Julai mpaka Septemba, wafanya kazi wa Korea walitoka wote, katika viwanda vya meli, vya magari, migodini. Migomo ya mwaka ule ilipita 3,000. Mishahara ikapanda sana kwa miaka iliyofuata. Je, nchi ilianguka? Wenye mali walikimbia? Uchumi uliendelea kukua, na mwaka 1996 Korea ikaingizwa katika OECD, chama cha nchi tajiri. Mtu akilipwa vizuri hununua redio, jokofu, gari dogo, na viwanda vya kwao vikapata wanunuzi wa nyumbani.

Tena nchi nyingi zimewabana wafanya kazi wao zikabaki maskini vile vile. Kubana kungekuwa dawa, nusu ya Afrika ingekuwa Korea. Wakorea walikuwa na mambo mengine. Mwaka 1950 mashamba ya makabaila yaligawiwa wakulima. Watoto walipelekwa shule wote, wa maskini na wa tajiri. Na kampuni iliyopewa mkopo wa serikali ilitakiwa ionyeshe bidhaa zilizouzwa nje. Hayo tajiri wetu hakuyataja. Alitaja mishahara tu.

Na sisi tumekwisha kutulia zamani, tena kwa mkataba. Mwaka 1964, mwaka wa kwanza baada ya Uhuru, Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi waliwekeana mkataba: waajiri binafsi waongeze watu 10 kwa mia, Serikali 15 kwa mia, na wafanya kazi wasidai nyongeza wala wasigome mwaka mzima. Wazee wetu walikubali kwa moyo mweupe, kwa ajili ya ndugu zao wasio na kazi. Mwaka 1970 mkataba wa namna ile ile ukafanywa tena, na 1979 tena. Dawa inayotolewa mara tatu kwa mgonjwa yule yule, mgonjwa ana haki kuuliza.

Jambo moja zaidi. Tuseme yale maneno ya tajiri ni kweli na nchi inafika. Ni nani anayefika? Lile pato la dola 2,000 ni la kila mtu, pamoja na mtoto mchanga. Kwa bei ya dola ya siku hizi, shilingi 130 hivi, ni shilingi 260,000 kwa mwaka. Familia ya baba, mama na watoto watatu ingekuwa na zaidi ya shilingi laki moja kila mwezi. Naomba kila mwanachama atazame karatasi yake ya mshahara, aongeze na anachopata mke wake sokoni, kisha atazame tena. Najua kwamba katika hesabu ile mna faida za makampuni na fedha za Serikali, si mishahara peke yake. Mpwa wangu alinionya nisiseme kama kwamba mtu ametuibia tofauti yote. Lakini imo mahali fulani. Hata kwa utajiri huu mdogo tulio nao leo, bila kumfikia Mmarekani yeyote, wengi wetu hatujalifikia pato la wastani la nchi yetu wenyewe. Mwaka 2014 wataalamu wa takwimu walihesabu upya uchumi wetu, wakaona kwamba ni mkubwa kwa 25 kwa mia kuliko ilivyodhaniwa, na Kenya ikaitwa nchi ya pato la kati. Sina ugomvi na hesabu yao, walihesabu vitu vilivyokuwa havihesabiwi. Ila nakumbuka asubuhi ile kwamba tulikwenda kazini kwa nauli ile ile, tukala muhogo ule ule.

Basi mkutano wa tawi letu ukija, nimekusudia kutoa mambo mawili. La kwanza ni kwamba wajumbe wetu wakiambiwa tungoje nchi ifike, wadai kuandikiwa: tunangoja miaka mingapi, kwa mwendo gani, na kila mwaka uchumi ukikua kwa kiasi fulani fungu la mshahara litakuwa lipi. Mwenye kusema ni sayansi hawezi kukataa kuandika tarakimu. La pili ni juu ya mafunzo. Nataka chama chetu kiombe kuuonyeshwa kila mkataba wa kununua mitambo ya reli kabla haujatiwa sahihi, tuone imeandikwa nini juu ya mafundi wetu, ni wangapi watajifunza kuunda, si kuendesha tu, na kwa miaka mingapi.

Mpwa wangu amenipigia chapa zile hesabu zote katika karatasi moja. Nitaleta nakala 40. Nimekwisha mwomba katibu wa tawi aniandike katika orodha ya wasemaji, akaniambia nafasi ni dakika tano, nami nikamwambia kwamba kwa hesabu ya miaka 250 dakika tano si nyingi, akanipa kumi.